Siku Tisini Kuanzia Tarehe ya Barua Hii

Jamani, mkosi wangu niliutengeneza mwenyewe, tena nikapigiwa makofi.

Shirika letu la visima liko mtaa wa Thongpiny, hapa Juba. Zamani kila mtu pale aliandika barua alivyotaka: huyu anaweka nembo ya zamani, yule hana nembo kabisa. Mimi Awien, niliyesomea Nakuru na nisiyevumilia uzembe, nikatengeneza kiolezo kimoja cha barua zote. Unaandika maneno yako tu. Kompyuta yenyewe inaweka kichwa cha barua, sahihi ya mkurugenzi na tarehe. Mzee Gaetano, mkurugenzi wetu, alifurahi mpaka akanifanya naibu wake. Karatasi tukaachana nazo kabisa.

Barua ya kwanza nzito kupita humo ilikuwa yake mwenyewe, ya kustaafu: "Nitaondoka ofisini siku tisini kuanzia tarehe ya barua hii, na Awien atachukua nafasi yangu." Siku hiyo nilirudi nyumbani Munuki nikiimba juu ya boda boda.

Bodi hukutana kila mwezi. Thok, katibu wetu, anaifungua ile barua kwa projekta, na mwenyekiti, Mama Akon, anaisoma kwa sauti, kuanzia tarehe ya juu. Siku tisini kuanzia leo. Wote wanatikisa kichwa kukubali, chai inamiminwa. Kikao cha pili, siku tisini kuanzia leo. Cha tano, vilevile. Hapa Juba vipindi vya mpito vya serikali kuongezwa kila mara tumevizoea, hakuna aliyeshtuka ila mimi. Nikajua tu mzee anaandika barua mpya kila mwezi, mjanja yule! Nikamnunia, hata salamu yake nikawa naijibu kwa shingo upande.

Mwishowe nikaifungua mwenyewe. Tarehe: ya leo. Kesho yake nikaifungua tena: ya siku hiyo. Woi! Mzee hakuwa amegusa kitu. Ni kiolezo changu. Niliiambia kompyuta iweke tarehe ya leo, nayo, kwa utii ambao sijauona kwa mfanyakazi yeyote wa shirika, inaweka ya leo kila faili inapofunguliwa. Mikataba, ahadi kwa wafadhili, zote zimeandikwa leo.

Nikinyamaza, kile kiti cha mkurugenzi nitakiona kwa macho tu. Nikisema, wote watajua naibu wao mwerevu amefanya nini. Usiku mmoja sikulala. Kwenye kikao nikasema.

Mama Akon akavua miwani. "Yaani mikataba yote humu hatujui iliandikwa lini?"

"Hatujui, Mama."

"Na wewe ndiye tunayekukabidhi ofisi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wakashauriana dakika kumi, wakakata shauri: Mzee Gaetano abaki mpaka barua zote zirekebishwe. Muda gani? Siku tisini.

Mzee akanifuata nje, uso umejaa shukrani. "Malesh, pole, binti yangu. Ile tarehe mimi niliiona tangu kikao cha pili. Nikasema, mtoto huyu ana adabu, ananiongezea siku kimyakimya bila kunitangaza. Hata mama watoto wangu nyumbani anakuombea."

Kumbe ningemwambia yeye peke yake, mambo yangeisha kimya! Nikasema asante, mzee. Ndani walikuwa wananisubiri niandike barua ya kumwongezea muda.