Siku ya Tisa ya Chaitra

Watu wa Arua walisema Kaltumu binti Fadhul amerogwa. Mwanamke wa Kinubi, mzuri wa sura, mwenye ndugu wa kumwozesha kwa heshima kule kwao Koboko, anakwenda kukaa na Muhindi muuza vitambaa ambaye hata nyama hali! Miaka sita walisema hivyo, na miaka sita Kaltumu akawaacha waseme. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na yeye alikuwa ananywa, tena ameshiba.

Muhindi mwenyewe aliitwa Vrajlal. Jina hilo liliwashinda watu wa sokoni wakamwita Biraji, naye akaitika. Alikuwa mpole, mwembamba, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja kama mwari. Kaltumu alimpenda. Nalisema waziwazi kwa sababu wako waliodai alifuata vitambaa, na hao nawaambia wanyamaze.

Nyumba ya Biraji ilikuwa nyumba ya mfungo. Kaltumu alikuja akiijua Ramadhani peke yake, akakuta huku watu wanafunga mara mbili kila mwezi, na sikukuu zimefuatana kama mbuzi njiani. Aliyemfundisha ni mama wa Biraji, bibi kizee waliyemwita Ba. Mvua za kwanza zinapokaribia, mwezi ukiwa mpevu, wanarushiana unga wa rangi mpaka mbwa wa jirani anageuka mwekundu. Kisha mwezi huo unakufa, unazaliwa mwingine uitwao Chaitra, na siku yake ya tisa ni Navami, siku aliyozaliwa Rama. Siku hiyo nafaka haipikwi. Hakuna wali, hakuna ugali wa mtama. Mtu anafunga tangu alfajiri hadi saa sita mchana, saa ya kuzaliwa mtoto. Hapo Ba alikuwa anaketi mbele ya kitanda kidogo cha shaba, chenye sanamu ya mtoto ndani yake, anavuta kamba kukibembeza, halafu wote wanakula giligilani iliyosagwa na sukari, viazi vitamu na karanga.

Ba alipofariki, kamba ile ilibaki bila mtu. Mwaka uliofuata Biraji alimtazama Kaltumu, akamsogezea.

"Vuta wewe, Kaltu. Sasa mama wa nyumba iko wewe."

Akavuta. Tangu hapo Navami ikawa siku yake. Kukaanga karanga, kusaga giligilani, kufunga yeye mwenyewe mpaka adhuhuri, yote aliyajua kuliko hata mwenye dini. Kitu kimoja tu hakukijua, kwa kuwa hakupata kukihitaji: namna ya kuitafuta siku yenyewe. Kalenda ya Kihindi ilitundikwa nyuma ya mlango wa duka, imejaa maandishi yanayoning'inia kama nguo kwenye kamba, na Biraji ndiye aliyeisoma. Jioni moja akifunga duka husema, "Kaltu, kesho Navami." Kaltumu huyo, anakimbilia karanga.

Mwaka wa sabini na mbili, mwezi wa nane, serikali ikawapa Wahindi siku tisini waondoke. Mnajua yaliyokuwa. Sitaki kuyarudia, yananipandisha hasira bure.

Biraji alikuwa na mjomba wake Bunia, upande wa Zaire. Siku ya mwisho alifunga mizigo miwili, akamwuliza Kaltumu, "Tunakwenda?"

Mama yake Kaltumu alikuwa kitandani Koboko, amevimba miguu, anamwita binti yake mchana na usiku. Kaltumu alifungua kinywa, neno halikutoka. Si la ndiyo, si la hapana. Alisimama tu na kanga mkononi. Biraji aliungoja ule ukimya muda mrefu, kisha akaukubali kuwa ndio jibu, akaondoka na mzigo mmoja. Wa pili, wa Kaltumu, aliuacha pale sakafuni.

Mama alikufa Januari. Kaltumu alimlilia mama yake, na waombolezaji wakastaajabu mtoto huyu ana machozi mengi namna gani. Hawakujua analia misiba miwili kwa pamoja.

Basi mwezi wa tatu, Severino, mchuuzi wa chumvi aliyekuwa akivuka mpaka kwa njia za porini, akamletea barua. Alipewa na dereva wa lori asiyemjua, na dereva huyo ameshapita kwenda zake, kwa hiyo njia ya kurudisha jibu haikuwapo. Kaltumu aliisoma amejifungia chooni.

"Kaltu. Mimi iko mzima. Mjomba nauza kila kitu, tunaondoka huku pia. Tarehe siandiki, unajua barua inapita mikono mingi. Siku ile ya kuvuta kamba, mimi nitakuwa soko ya Ingbokolo, kwa Filda muuza chai, asubuhi mpaka jioni. Siku moja tu, kwa sababu askari ya huku nauliza karatasi. Kama umekuja, tunakwenda pamoja, mimi na wewe, mahali popote. Kama haukuja, nitajua umechagua ndugu yako. Sitakasirika. Lakini sitauliza tena."

Ingbokolo ni ng'ambo tu ya mpaka kutoka Koboko, mwendo wa asubuhi moja. Kaltumu aliibusu karatasi, akaimeza. Kweli, aliitafuna akaimeza, maana siku hizo karatasi iliweza kumpeleka mtu mahali pasipo na kurudi. Safari hii neno lilikuwa tayari kinywani. Ndiyo. Alilitamka peke yake mle chooni, mara tatu.

Ikabaki siku. Alikwenda dukani, ambako sasa alikaa mke wa askari mmoja akiuza mafuta ya taa, akaomba kuona kalenda ya nyuma ya mlango. Yule mama akacheka.

"Ile makaratasi? Nimefungia watu sukari. Unataka ya nini?"

Na hata ingekuwapo isingemfaa. Mwaka wa Kihindi ulikwisha na sikukuu yao ya taa, siku chache kabla zile siku tisini hazijaisha, na kalenda ya mwaka mpya hakuna aliyeagiza. Mji mzima haukuwa na Muhindi wa kuulizwa.

Lakini Kaltumu hakuwa na wasiwasi. Mwezi ni mmoja, alijiambia, Mungu hakuumba wa Wahindi na wa kwetu. Yeye ni Mnubi, mwana wa watu wanaotazama mwezi tangu mababu zao wakiwa na bunduki za Sudan mabegani. Mtu gani amfundishe kuhesabu hadi tisa?

Akahamia Koboko kwa mjomba wake Sulaiti, mzee ambaye msikiti mzima ulimtegemea kwa macho yake. Mwezi unaokuja ulikuwa wa Maulidi. Jumatano jioni walitoka kutazama, mawingu ya mvua yamefunika magharibi yote.

"Wewe nashughulikia mwezi kwa nini hivi?" mzee aliuliza. "Ramadhani iko mbali."

"Nataka kujua tu, mjomba."

"Basi hakuna mutu ameona. Tunatimiza thelathini."

Alhamisi jioni mbingu zilikuwa safi, na mwezi ukaonekana, mnene, umekwenda juu.

"Huo wa leo au wa juzi?" jirani mmoja alitania.

"Macho ya mutu ikiona, ndiyo inaanza," Sulaiti akamkata. "Haionekani, haiko."

Kaltumu alishika kauli hiyo kama amana. Ijumaa ikawa moja. Aliendelea kwa vidole hadi Jumamosi ya wiki iliyofuata: tisa. Akahesabu tena kwa punje za karanga. Tisa. Alitamani kutangulia akae huko siku mbili tatu, lakini mpaka ulikuwa na doria za magendo, na mwanamke mwenye mzigo akionekana mara mbili mahali pamoja anakamatwa. Bora afike siku yenyewe.

Ijumaa alimuaga mjomba wake kwamba anarudi Arua. Akaenda kulala Lurujo, karibu na mpaka, kwa wakulima aliofahamiana nao. Alikaanga karanga kwenye jiko lao, akasaga giligilani, akafunga viazi vitamu ndani ya kanga. Alfajiri ya Jumamosi akanuia mfungo na kushika njia ya mashambani. Umande ulimlowesha mpaka magotini. Alikuwa anaimba, Kaltumu, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, anaimba peke yake kwenye mihogo ya watu. Alikuwa na furaha, na furaha yake ile ikinijia leo inanichoma kuliko yote yaliyofuata.

Alifika sokoni saa tatu. Kibanda cha Filda kilikuwa mwisho, karibu na wauza samaki wakavu. Filda alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuita watu toka mbali. Alimwona mgeni anatazama huku na huku, akamimina chai bila kuambiwa.

"Karibu dada yangu. Kunywa, umelowa."

"Asante. Nimefunga."

Birika likabaki hewani. Filda alimtazama kuanzia usoni hadi kwenye mzigo, akaweka birika chini polepole.

"Wewe iko mutu ya Muhindi."

"Amefika?" Kaltumu akaruka. "Iko wapi?"

"Dada yangu, kaa."

"Iko wapi?"

"Amefika Jumatano."

Kaltumu alicheka. Kweli alicheka. "Jumatano ilikuwa sita. Siku iko leo."

"Mimi sijui sita. Amefika Jumatano, giza haijaisha. Nampa chai, nakataa. Nampa maji, nakataa. Nakaa pale, kwa kigogo ile, natazama njia. Jua ikafika katikati, nikamwambia, baba, kula sasa, mutu yako atakuja. Yeye nasema, ngoja, nakuja na chakula. Mpaka jioni hajakula kitu."

"Amekosea siku," Kaltumu alisema. "Biraji amekosea."

"Nimemuuliza ile. Nimesema, labda mama amekosa hesabu. Akanionyesha na vidole. Mwezi ikikufa, kesho yake iko moja. Hawangoji kuona. Akasema, hawezi kukosa, siku hii najua kuliko mimi."

Kaltumu aliketi, si kwenye kigogo, chini kabisa, kwenye magamba ya samaki. Akaanza kuhesabu upya. Mwezi ulikufa Jumatatu. Jumanne moja, kabla wao hata hawajatoka kutazama mawingu. Vidole vyake viliishia, kwenye tisa, Jumatano ya wiki hii, ile aliyoshinda Koboko akifua nguo ya kusafiria. Saa sita ya siku hiyo alikuwa amekula wali kwa mjomba wake, tena akaongeza.

"Ameenda wapi?"

"Lori ya Bunia, usiku ile ile. Wenzake nasema ndege yao iko Ijumaa. Ulaya, ao India, mimi najuaje?"

"Jana."

"Jana, dada yangu."

"Alisema nini? Wakati wa kupanda, alisema nini?"

Filda alipangusa mikono kwenye kitenge chake. Mtu mwingine angetunga uongo mzuri, lakini Filda hakujaliwa kipaji hicho.

"Akasema, basi amechagua. Akasema asante kwa kigogo."

Kaltumu alipiga yowe ambalo liligeuza shingo za soko zima. Laiti angefiwa! Mfiwa anajua marehemu hakuondoka na kinyongo. Huyu wake alikuwa hai mahali fulani, juu ya mawingu au nchi ya watu, ameamini kwamba Kaltumu ameulizwa mara mbili na mara mbili amekaa kimya. Na neno lilikuwepo. Lilikuwepo tayari tangu chooni, ila hapakuwa na mtu wa kumpa.

Adhuhuri ilifika. Filda alifungua ile kanga, akamwekea karanga na giligilani mbele yake, akambembeleza ale. Hakugusa. Alishika mkono wa Filda.

"Akirudi, mwambie nilikuja."

"Nitamwambia."

"Mwambie nilikuja na chakula. Mwambie nilikuwa nimefunga."

"Nitamwambia, dada yangu," Filda alisema, na wote wawili walijua hatarudi. "Nitamwambia yote."