Picha Zilizobaki Ndani ya Kamera

Kamera ilitoa lenzi nusu, ikakwaruza kama kijiko kwenye ukoko, ikazimika. Tabia akafuta jasho, akaiwasha tena. Ikatoka nusu, ikakwaruza, ikazimika.

"Labda imechoka," alisema Bi Mwanamvua. "Iache ipumzike kidogo."

Tabia hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba imepumzika kabatini karibu mwaka mzima. Bi Mwanamvua alikuwa ametoka Mlingotini kwa bodaboda, mtu mzima yule na magoti yake, kwa jambo moja tu: amwone bintiye akicheka. Zuhura alifariki mwezi wa Shaabani, akijifungua. Picha ya kitambulisho ipo, lakini mle amekaa kama mtu aliyegombezwa. Za harusi zilikuwa kwenye simu ya mumewe, na simu iliibwa. Zilizobaki ni za singo, ile ya kumwandaa bibi harusi, na za singo alizipiga Tabia.

Kwenye shughuli zile za wanawake simu zote hukusanywa mlangoni na kutiwa kwenye beseni. Kamera ya Tabia peke yake ndiyo iliyopita, kwa kuwa ni ya kizamani, haina mtandao, na mwenyewe ana kifua, hatoi siri. Wanawake walivua mitandio mbele yake bila wasiwasi. Siku ya singo ya Zuhura kadi ilijaa, picha za mwisho zikaingia ndani ya kamera yenyewe, na Tabia, leo na kesho, hakuzihamisha.

Barazani, upande wa pili wa pazia, alikaa Ashrafu, fundi wa redio na simu. Aliitwa tangu asubuhi, na mpaka saa hizo hajaigusa kamera.

"Bi Tabia, nipe niende nayo nyumbani. Nitaifungua taratibu."

"Ikiwaka mkononi mwako utaziona."

"Nitafumba macho."

"Utafunguaje skrubu umefumba macho, Ashrafu?"

Fundi akacheka kidogo. Bi Mwanamvua hakucheka. Alisema, kwa sauti ya kufika barazani, "Baba, usinione nakudharau. Mwanangu hakupata kuonwa kichwa wazi na mwanamume asiyemhusu. Alikuwa akijisitiri mwenyewe. Sasa hawezi, kabaki na mimi wa kumsitiri."

"Nimekuelewa, mama," alisema Ashrafu, na kweli hakuiomba tena.

Ikabaki kuulizana kwa maneno. Ilianguka? Haikuanguka. Iliingia maji au mchanga? Hata. Basi inakaa wapi?

"Kabatini, na nguo zangu za kutokea," alisema Tabia. "Naitunza. Kila Alhamisi naitia udi."

Fundi akasogea karibu na pazia. "Unaifukiza?"

"Pamoja na kanga zangu."

"Lo, Bi Tabia. Moshi wa udi una utomvu. Umeingia kwenye lenzi, umeganda mle kama gundi."

Tabia alitamani ardhi ipasuke. Muda wote huo alidhani anaienzi, kumbe anaiua, tena kwa udi wa bei mbaya. Hakuweza kumtazama Bi Mwanamvua usoni.

Ashrafu akapitisha pamba na spiriti chini ya pazia. Tabia akasugua pembeni mwa lenzi, akapuliza, akangoja ikauke kama alivyoelekezwa, akaiwasha. Safari hii lenzi haikutoka hata ile nusu. Ilitetemeka ndani kwa ndani, kisha kamera ikazimika.

"Nimeiharibu zaidi," alisema, na machozi yakamjia.

"Mimi sina ujanja mwingine bila kuifungua," alisema Ashrafu. Kisha akagonga sakafu. "Hebu ngoja. Nyuma kuna kitufe cha kutazamia picha, huwasha bila kutoa lenzi. Cha juu usikiguse kabisa. Hicho cha nyuma kibonyeze, ukishikilie."

Tabia akabonyeza. Lenzi ikatulia mahali pake, kioo kikawaka. Pembeni, alama ya betri ilikuwa nyekundu.

Zuhura amekaa juu ya mkeka, kanga kifuani, nywele zimefumuliwa, kichwa kakitupa nyuma anacheka. Na uso wote, toka paji hadi kidevu, umepakwa liwa, sandali iliyosagwa, nzito, ya manjano, kama ukuta uliokandikwa jana. Meno tu yanaonekana, na macho yaliyofumbwa.

Tabia akaisogeza kamera karibu na macho. Alisahau vipi? Siku ya singo mwari husuguliwa na kupakwa mwili mzima; uso ungebaki wapi? Akabonyeza ya pili, ni liwa. Ya tatu ni mgongo. Hakukuwa na ya nne. Akarudi kwenye ile ya kwanza.

"Ndiye?" aliuliza Bi Mwanamvua.

"Ndiye, mama."

"Imewaka?" aliuliza Ashrafu kutoka barazani.

Alama nyekundu ikaanza kupepesa. Tabia aliwaza simu yake chini ya mto. Angeweza kuipiga ile picha juu ya kioo, mara moja, ikabaki. Akaliwaza beseni la mlangoni.

"Mama, niichukue kwa simu?"

Bi Mwanamvua hakuonekana kusikia. Aliipakata kamera mapajani, akashika pindo la kanga yake, akalilowesha kwa mate, akaanza kufuta kioo, kwanza paji la uso, kisha shavu, taratibu, asije akamuumiza.