Ijumaa ya Romano

Romano alikufa mara ya kwanza Jumamosi moja, saa nane na nusu mchana, katika kibanda changu cha video hapa Koboko, mji wa mpakani kaskazini. Kijana mmoja mwenye sura nzuri alimpiga risasi tatu za kifua, akaangukia kwenye matope, na watu wakashangilia, maana katika filamu ile alikuwa amewatesa wanakijiji saa nzima. Kisha kwenye benchi la mbele, karibu na spika, mama yake akaanza kulia kilio cha msiba.

Mama Paska alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Filamu hakuwa akiiona, alikuwa akiisikia kwa mdomo wangu. Kazi yangu ni kutafsiri: filamu zinakuja kwa Kiingereza au Kiganda, mimi nakaa pembeni na kipaza sauti nazisema kwa Kiswahili chetu, na waigizaji wakinyamaza natia chumvi kidogo, ndivyo wateja wanavyopenda. Mtu wa kazi hiyo huku anaitwa viijei, nami wananiita Viijei Acidri. Mimi ni mtu wa Ajia, upande wa Arua, nilikuja Koboko na jenereta na mdomo tu, na mdomo huo una mbio kuliko akili.

"Ngoja, Mama!" nikasema kwenye kipaza sauti. "Iko napumua! Mukono yake nasonga! Sasa iko nasimama. Iko nasema: Mama, mimi nakuja nyumbani Ijumaa."

Kwenye skrini majina yalikuwa yanapanda na Romano bado yuko kwenye matope. Mama Paska akanyamaza. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akauliza, kibanda kizima kikamsikia, "Ijumaa gani?"

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Tangu siku hiyo Romano amekufa mara nyingine kumi na nne. Amenyongwa, amelipuliwa, mara moja alimezwa na mamba, na mara zote nimemfufua, hata kwa yule mamba, ingawa pale nilitoka jasho. Kijana mmoja aliwahi kupiga kelele, "Amekufa huyo!" Nilizima jenereta na sikuiwasha mpaka alipotoka nje. Baada ya hapo kibanda chote kilikuwa upande wangu. Romano akianguka wananyamaza, akifufuka wanapiga makofi.

Kama hujawahi kumwona Romano, ni mrefu, mabega mapana, na uso kama wa mtu aliyeudhiwa tangu jana. Baba yake alikuwa mwanajeshi, kama baba za nusu ya mji huu, akapotelea Sudani Romano akiwa ananyonya. Lakini sauti ya Romano ni nyembamba, na mbuzi akichinjwa alikuwa anakwenda kujificha chooni. Kabla hajaondoka alikuwa mteja wangu wa kila siku. Alikwenda Kampala akapata kazi ya kulinda geti la duka la mabati, na hapo watu wa filamu walimwona. Walimpa bunduki ya mbao wakamwambia asiseme chochote, atazame tu. Akatazama. Toka hapo amekuwa kamanda, mwasi, jambazi, mlinzi wa gereza. Watu wa Kampala wakimwona njiani wanavuka upande wa pili wa barabara.

Mara ya mwisho alikuja nyumbani miaka kumi na moja iliyopita, kumzika mjomba wake. Sajini mstaafu mmoja, mzee Loro, alisimama mbele ya waombolezaji wote akamnyooshea fimbo. "Wewe iko nauza sura yetu," akamwambia. "Kila siku muuaji, na kila siku sura ya huku. Sasa Kampala nasema sisi yote iko wauaji." Romano, ambaye kwenye filamu anavunja milango kwa teke, alipanda basi la kwanza alfajiri bila kumuaga hata mama yake.

Baada ya hapo akawa mtu wa kutuma sukari na sabuni kwa basi, na kupiga simu Krismasi. Mimi nilikuwa nampigia mara kwa mara. Aliniambia amewaomba wenye filamu wampe nafasi ya mwalimu, au hata ya bwana harusi, wakacheka mpaka mmoja wao akamwaga soda. Nilipomwambia aje amsalimie mama yake alinijibu, "Mimi nakuja na uso gani, Acidri? Hii hii?"

Na mama yake anangoja. Kila Ijumaa anafagia uwanja kwa kupapasa, anatandika shuka safi kwenye kitanda cha mwanawe, anapika ugali wa muhogo na majani ya kunde kwa simsim, ule ufuta wa kusaga. Jumamosi anakuja kwenye benchi lake kusikiliza nini kimemchelewesha. Nilijiambia nafanya wema. Ulikuwa wema, siwezi kujisingizia. Lakini pia nilipenda kuona kuna mtu anayekula maneno yangu kwa njaa namna ile. Mimi hakuna aliyewahi kunitandikia kitanda siku ambayo sikuja.

Mwaka huu binti yake, Stella Kiden, alikuja kutoka Arua. Anaishi huko, chini ya kilima, karibu na maofisi, na alikuwa amesikia kwamba madaktari wa macho watafika mjini humo kwa wiki mbili, wanatoa mtoto wa jicho na mtu anarudi kuona. Mimi nikaanza visingizio. Nikasema mama ni mzee, barabara ina vumbi, afadhali wangoje mvua ziishe.

Stella alinitazama. "Viijei, siku hizi wewe iko daktari?"

Niliona aibu, na bado niliomba Mungu basi lao liharibike. Akipata macho atamwona mwanawe amelala kwenye matope, hasogei. Ijumaa zote za miaka sita zitaisha mchana mmoja, na safari hii atakayekuwa amemuua Romano ni mimi.

Basi halikuharibika. Mwezi ukaisha, na Jumamosi moja Mama Paska akaingia kibandani bila kushikwa mkono, amevaa miwani myeusi. Aliivua akaketi. Nilikuwa nimeweka filamu ya harusi, ya kuchekesha, sitaki shida.

"Toa hiyo," akasema. "Weka Romano."

Nikaweka. Ilikuwa mpya, Romano mlinzi wa gereza. Alipotokea mlangoni na rungu, Mama Paska aliinuka kidogo kwenye benchi kama mtu anayetaka kumpokea mgeni mzigo. Miaka kumi na moja hajauona uso ule. "Amekonda," akasema taratibu. "Nywele imeingia nyeupe." Romano akampiga mfungwa mateke mpaka akazirai, na mama yake alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. Hakuwa akimwona mfungwa hata kidogo.

Halafu wafungwa wakampata Romano. Alianguka chali uani, macho wazi. Kibanda kikanyamaza kama kawaida yake, ila leo watu hawakutazama skrini, walinitazama mimi.

"Iko napumua," nikasema. Kwenye skrini mtu alikuwa anamfunika Romano blanketi mpaka usoni.

Mama Paska akageuka. Ndiyo mara ya kwanza aliniona; zamani, alipokuwa na macho, hakuwa mtu wa kuja kibandani. Nikaweka kipaza sauti chini, majina yakapanda mpaka mwisho. Watu wakatoka haraka haraka, kama wanaotoka nyumba yenye ugomvi. Yeye akabaki kwenye benchi.

"Hii maneno ya Ijumaa," akasema. "Nani nasema?"

"Mimi, Mama."

"Yote?"

"Yote."

"Romano hapana sema hata moja?"

"Hata moja."

Nilitamani anitukane. Ningejua pa kuanzia. Lakini alinitazama tu, toka viatu mpaka kichwa, na alichukua muda wake.

"Mimi nafikiri wewe iko murefu," akasema. Kisha akavaa miwani yake akasimama. "Mutu akisema nakuja Ijumaa, nakuja. Chakula iko."

Akaondoka. Juma zima sikulala vizuri wala sikula vizuri, na siku ya Ijumaa nikapiga pasi shati nikaenda.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa. Mlango ulikuwa wazi, nikakiona kitanda na shuka yake imevutwa vizuri pembe zote. Mama Paska hakunisuta hata kwa jicho. Alininawisha, akanipakulia ugali na kunde, akaketi mbele yangu. Nilianza kula kwa haya, lakini simsim ile haikubali haya, baada ya matonge mawili nilikuwa nakula kwa njaa. Alinitazama nikila, na nilijua anayemtazama siye mimi. Iliniuma, na sikuacha kula.

"Piga simu," akasema ghafla. "Ambia Romano, mutu iko nakula chakula yake."

Nikafuta mkono nikapiga. Romano aliitika, nikampa ujumbe kama ulivyo. Nilisikia honi za Kampala, na mtu anatangaza bei ya mashati. Kisha ikaja sauti ile nyembamba, ambayo kwenye skrini yangu haijawahi kusikika.

"Amepika nini?"

"Ugali ya muhogo. Na kunde."

"Ya simsim?"

"Ya simsim."

Mtu aliyekufa mara kumi na sita alikuwa anapumua sikioni mwangu kama aliyekimbia kutoka mbali. "Mubakishe yangu," akasema, na simu ikakatika.

"Nasema nini?" Mama Paska aliniuliza.

Nilikuwa na maneno ya miaka sita kwenye ulimi, yako tayari: tiketi amekata, basi linaondoka kesho, Ijumaa ijayo. Nikayameza yote.

"Nasema tubakishe yake."

Alingoja kuona kama nitaongeza. Sikuongeza. Basi akavuta sahani kutoka mbele yangu, na mimi bado sijashiba, akarudisha kunde kwenye sufuria, akaifunika.