Usingizi wa Kuazima

Dereva wa lori la maji alikuwa akifagia uwanja wa kampuni, macho mazito kama ya mtu aliyekesha msibani, mkewe alipompitia waende kliniki. Baada ya kusinzia kwenye usukani na kubomoa geti, bosi alimnyang'anya funguo akampa ufagio. Angerudi barabarani siku kliniki itakapothibitisha kwa barua kwamba analala vizuri na mashine.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa koo. Akipitiwa tu na usingizi linajifunga, pumzi inakatika, anashtuka kama aliyekabwa. Mashine aliyoazimwa na kliniki ilimsukumia hewa puani kwa barakoa ili koo libaki wazi, ila upepo wake ulikuwa mkali mno. Ulimjaza tumbo, ukamtoa machozi, na kila usiku aliing'oa barakoa bila kujijua. Aliomba upunguzwe, akaambiwa asubiri zamu yake. Na asiyetimiza saa za matumizi, mashine inahamia kwa mgonjwa mwingine.

Basi mkewe akaona njia. Kila mchana alijivika barakoa, akalala yeye.

Mtaalamu wa mashine, ambaye wagonjwa walimbatiza Bwana Upepo, alichomeka kwenye kompyuta kadi ya mashine inayorekodi saa na pumzi, akatabasamu.

"Saa zimetimia. Na mchana unalala kama mtoto mchanga! Pumzi haikatiki hata mara moja."

"Lakini upepo unanitesa, daktari. Punguza hata kidogo."

"Nipunguze kitu kinachokutibu? Huu ndio upepo wako, mzee wangu. Shida ni usiku, unaivua. Jikaze."

"Na barua ya bosi?"

"Usiku ukiwa kama mchana, nitaandika."

Mkewe akafungua kinywa. Dereva akamkanyaga mguu chini ya meza. Wakisema ukweli, mashine inaondoka. Wakinyamaza, upepo unabaki vilevile.

"Asante, daktari," akasema.

Njiani mkewe alikuwa analia. "Nimekuharibia, baba watoto."

"Umeniharibia nini? Bila wewe wangeshaichukua." Alikuwa na hasira, lakini si naye, na hakujua aipeleke wapi.

Walipofika nyumbani mke alijivika barakoa, akawasha mashine, akajinyoosha kitandani. Dereva aliketi kitini kando yake. Haukupita muda kidevu kikamwangukia kifuani, akaanza kukoroma, kisha kimya. Mkewe alinyoosha mguu akamsukuma goti. Pumzi ikamrudia kwa kishindo.

"Lala, mama," akamwambia bila kufumbua macho. "Saa hazijatimia."