Mpaka Uliorudi Nyuma

Katika nchi ya Ng'ambo ukubwa ulipimwa kwa upana wa makalio, na kwa kipimo hicho hakuna aliyemfikia Mfalme Kiboko. Alitawala akiwa topeni hadi puani, na kila alipopiga mwayo mawaziri walipiga makofi. Balozi wake, Korongo, ndiye aliyetumwa kuapa kwa niaba yake, mbele ya falme zote, Kiapo cha Hifadhi: akimbiaye vita, akishatia mguu katika nchi ya mwingine, harudishwi.

Kisha Fisi wakalivamia bonde la Swala. Waliosalimika walivuka mto uliokuwa mpaka wa Ng'ambo na watoto wao wenye majeraha, wakasimama ukingoni wakihema.

Baraza likaitwa. Korongo alieleza kwamba hapakuwa na la kujadili. Swala wamekwishaingia nchini, kiapo kinawahusu. Mfalme akakunja uso. Alikuwa amealikwa karamuni kwa Fisi, na hakupenda kumuudhi mwenyeji wake. Ndipo akainuka Waziri wa Sheria, Mbweha, aliyepata cheo kwa kuwahi kucheka kila Mfalme alipotania.

"Mtukufu Mfalme, kiapo tutakiheshimu," alisema. "Ila kinasema nchi, na nchi ni pale tunapotamka sisi. Tukitamka kwamba mpaka wetu unaanzia kwenye ule mkuyu, hawa Swala hawajafika popote."

Kufumba na kufumbua, ukingo ukawa si nchi. Swala, wakisukumwa na njaa, waliufikia mkuyu. Mpaka ukarudi kwenye kichuguu. Walipokifikia kichuguu, ukarudi tena. Kila uliporudi, Mbweha alihutubia falme nyingine, akisifu jinsi Ng'ambo inavyoheshimu sheria za mataifa.

Korongo akatumwa kuwafafanulia Swala. Mama mmoja, mwanawe kalala kifuani pake, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada Balozi," akasema, "basi niambie, hapa alipolala mwanangu ni wapi?"

Korongo alirudi barazani, akavua nishani ya ubalozi, akaidondosha topeni mbele ya pua ya Mfalme. Kisha akawaongoza Swala kuzunguka mabwawa hadi kwa jirani, Tembo, aliyewapokea bila hotuba.

Fisi walipolimaliza bonde, nao wakavuka mto. Askari wa Kiboko walipowazuia, wakauliza kwa adabu wanavamia nchi ya nani. Kwa tamko la Mfalme mwenyewe, pale palikuwa si nchi ya mtu. Hata bwawa lake, katika pupa ya tamko la mwisho, lilikuwa limeachwa nje. Falme nyingine, zilipoombwa msaada, zilijibu kwamba hazioni mpaka uliovunjwa. Mbweha alikuwa wa kwanza kuwakaribisha wageni.

Kiboko alifika kwa Tembo akiburuta mguu, tope limemkaukia mgongoni. Swala wakataka afukuzwe palepale. Tembo akamgeukia Korongo, amwulize sheria inasemaje. Korongo alimtazama yule bwana mkubwa kwa kinyaa ambacho hakujisumbua kukificha.

"Anakimbia vita," akasema, "na mguu amekwishautia. Mpeni maji."

Kiboko akanywa hadi akatosheka. Hakushukuru. Aliuliza tu bwawa la wageni wa heshima liko upande gani.