Yule wa Juu Wamemrudisha

Mimi kelele za wanaume barazani huwa sizijali. Nimepika wali na dagaa mbele ya kibanda cha Januarius, fundi cherehani wa sokoni Bariadi, miaka mingi, na ubishi wa kila aina nimeusikia: mpira, bei ya pamba, nani kamroga nani. Lakini ule wa tajiri wa Marekani ulinitoa machozi, na mpaka leo ukiniuliza nitakujibu kwa hasira.

Redio ya Januarius ndiyo iliyoanza. Ilisema kuna tajiri amewalipa Warusi mamilioni ya dola wampeleke angani, aizunguke dunia siku kadhaa, kisha wamrudishe. Si kazi. Matembezi tu, kama mtu anavyopanda basi kwenda kumsalimia shangazi yake Mwandoya.

Baraza likalipuka.

"Pesa ni zake," akasema Ngeleja, dalali wa ng'ombe. "Si mmeambiwa siku hizi ni soko huria? Mwenye nacho ananunua anachotaka."

"Soko huria gani la kwenda kuning'inia hewani?" Januarius akasimamisha cherehani. "Hizo pesa angechimba visima Meatu nzima na chenji ingebaki!"

"Akuchimbie wewe, kwani ni mjomba wako?"

Wakacheka. Nikawaambia waache upuuzi, wali unapoa. Hapo ndipo nilipomwona wifi yangu Milembe, mke wa kaka yangu Masalu, ambaye huja kunisaidia kuosha vyombo. Alikuwa ameshika sufuria, maji yanamtiririka miguuni, wala hana habari.

"Wifi," akaniuliza, "huyo mtu watamrudisha?"

"Ndivyo walivyosema."

"Kutoka juu kote huko?"

"Ndiyo, mayu, mama yangu. Sasa wewe inakuhusu nini?"

Mdomo wangu huu, jamani! Nilijua fika inamhusu nini.

Kija, mtoto wao wa kwanza, alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu miaka ile pamba iliposhuka bei na kila kijana akawa anakwenda. Mvua kubwa ikanyesha, shimo likajaa maji, udongo ukaporomoka, Kija akabaki ndani. Mwenye shimo, Marcelo, mtu wa hapa hapa Bariadi, alikuja msibani na gunia la mchele. Alisimama mbele ya kaka yangu akasema, "Mzee, kule alipo hakuna binadamu anayeweza kufika. Haiwezekani." Tukamwamini. Utabishana vipi na ardhi?

Sasa kwetu mtu anazikwa nyumbani, karibu na zizi, wanawe na ng'ombe wake wawe wanapita ubavuni pake. Wazee wakashauri tuzike nguo za Kija ili matanga yavunjwe, watu wapumzike. Kaka yangu akakubali. Milembe akakataa katakata. Shati la Kija la kwendea kanisani, lile la drafti, akalifungia sandukuni. "Siwezi kuzika shati," alisema. "Nileteeni mwanangu." Miaka ikapita, nyumba ile ikabaki na msiba usiokwisha.

Basi tangu siku ile ya redio, Milembe akawa anafika sokoni kabla yangu. "Fundi, bado yuko huko?" Januarius anamjibu bado, shemeji, anazunguka. Ngeleja akamtania kwamba amepata mchumba wa Kizungu. Hakucheka. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya kibanda ameinamisha kichwa anamwombea yule tajiri, mtu asiyemjua hata kwa sura, ashuke salama. Nilitaka kumcheka, nikashindwa.

Siku aliyorudi redio ilieleza yote. Ametua kwenye mbuga kubwa, magari yanamsubiri, madaktari wanamsubiri, wakamtoa kwa mikono wakamfunika asipate baridi. Baraza likapiga makofi, hata Januarius mwenyewe. Milembe akafuta mikono, akajifunga kanga vizuri.

"Twende kwa Marcelo."

"Kufanya nini?"

"Twende, Esteria."

Huwa haniiti kwa jina. Nikaacha sufuria jikoni nikamfuata.

Marcelo alikuwa ameshaachana na dhahabu. Siku hizo alikuwa mnunuzi wa pamba, malori yake yamepangwa uani yanangoja msimu. Milembe akapiga magoti akamwamkia kama tulivyofundwa.

"Mwangaluka, baba. Yule wa juu wamemrudisha. Juu ya mawingu, ambako hata njia hakuna. Mimi wangu yuko hapa hapa chini. Nimekuja unisaidie kumtoa."

Marcelo akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemleta. Kisha akamweleza taratibu, bila ukali, na huo upole wake ndio ulioniuma zaidi.

"Mama Kija, kuvuta yale maji kunataka pampu kubwa, kunataka mitambo. Nani atalipa? Hata nikiuza haya malori, nitapata nini mle ndani? Mifupa?"

"Kwa hiyo inawezekana," Milembe akasema.

Marcelo akageukia malori yake.

"Uliniambia haiwezekani."

"Mama, kwa hali yetu..."

"Uliniambia haiwezekani, baba, nikakuamini. Nikaupika ule mchele wako, ukala kwangu."

Yesu wangu! Hapo nilifungua mdomo nikamwambia Marcelo maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wa heshima, mpaka mlinzi akaja. Milembe ndiye aliyenishika mkono tukatoka. Njia nzima hakulia. Nililia mimi kwa niaba yetu sote wawili.

Kesho yake alilitoa shati, akalipiga pasi, akamwambia kaka yangu, "Baba Kija, waite watu wachimbe kaburi. Ila wachimbe la mtu, si la shati. Mwanangu alikuwa mrefu."

Majirani wakaja na majembe na sepetu, wakaanza kuchimba kando ya zizi. Milembe akakaa chini ukingoni, shati mapajani, na kila waliposimama kupumua aliwaambia bado, shukeni tena. Hakuna aliyenung'unika. Walipofika kina cha mtu mzima wakapanda juu wakifuta jasho, kaka yangu akamwambia tayari.

Milembe akatazama shimo, akatazama lile rundo la udongo, akatazama jua.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mayu."

"Kumbe ni asubuhi moja tu," akasema. "Asubuhi moja, na majembe."

Kaka yangu akashuka mwenyewe kaburini, akanyoosha mikono apokee shati, na ikabidi amngoje mkewe sana.