Jina la Tano

Darrell Stidham alihitaji pumzi tano kutaja majina matano. Alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni, mrija wa oksijeni puani, mashine ikinguruma nyuma ya kiti chake tangu alfajiri. Binti yake Tessa alikaa mbele yake na kalamu ambayo hakuitumia. Majina aliyajua. Hao walikuwa wanaume waliokuja kula pale nyumbani kila Jumapili, wakivulia viatu barazani kwa amri ya shangazi Opal, aliyemlea Tessa na ambaye hakutaka vumbi la mgodi liingie ndani kwake.

"Lonnie Caudill," alisema Darrell. Akavuta pumzi. "Hobert Fugate." Akavuta. "Dewayne Sizemore." Hapo akasubiri, mkono mmoja juu ya meza kama mtu anayezuia meza isiondoke. "Clell Noble."

"Na wewe," alisema Tessa.

"Na mimi. Darrell Stidham. Kikosi kilikuwa cha watu watano, kwa hiyo unataja watano. Halafu unanyamaza kidogo. Halafu unamwambia mbunge: huyu wa tano bado yuko hai, Mheshimiwa, na amenituma nikuombe usiiue ile sheria."

Walifanya kazi pamoja miaka kumi na sita, zamu moja, wakikaza dari ya mgodi kwa vyuma ili isiwaangukie wengine. Makaa ya mawe mazuri yalikwisha zamani katika milima hiyo ya Kentucky. Yaliyobaki yalikuwa mkanda mwembamba, na ili kuufikia ilibidi kusaga mwamba, na vumbi la mwamba ndilo lililowaua. Wanne walikuwa wamezikwa. Aliyeishi zaidi kati yao alifika hamsini na tatu. Darrell alikuwa na arobaini na nane, na kutoka kitandani hadi barazani alipumzika mara mbili.

Sheria aliyoisema ilikuwa ya kupunguza vumbi hilo migodini. Ilikuwa imeshaandikwa, imeshasainiwa, na sasa Bunge lilitaka kuiahirisha. Kura ingepigwa wiki ileile ambayo Tessa angekuwa mji mkuu.

Alipata nafasi hiyo kwa insha. Kila Juni vyama vya ushirika vya umeme vya vijijini, nchi nzima, vilipeleka wanafunzi Washington kujifunza uongozi, na cha kwao kilimchagua yeye. Insha yake ilihusu mashine ya baba yake na waya unaoiwezesha kunguruma. Walimu walilia walipoisoma. Katika safari hiyo hiyo angetajwa mwanafunzi mmoja wa jimbo lao atakayepewa ufadhili wa kusoma chuo, na kila mtu alimwambia Tessa ajiandae kwa chuo. Alitaka kusomea uuguzi wa mapafu. Hakuwa na njia nyingine ya kufika huko, na hakujidanganya juu ya hilo.

Msimamizi wao alikuwa Bi Marlene Gayheart wa chama cha ushirika, mwanamke mchangamfu mwenye mkoba uliojaa pipi za kikohozi, aliyesoma darasa moja na Darrell na kucheza naye dansi walipomaliza shule. Basi lilipovuka mpaka wa jimbo, akapita kwenye viti akigawa karatasi. Kila mtu angesema sentensi moja mbele ya mbunge wao. Ya Tessa ilikuwa hii: *Mimi ni binti wa mchimba makaa, na naomba Mheshimiwa aendelee kulinda kazi zetu.*

"Kulinda kazi maana yake nini, Bi Marlene?"

"Maana yake kulinda kazi, mpenzi."

"Ni ile sheria ya vumbi?"

Bi Marlene alikaa kwenye mkono wa kiti. Alisema, kwa sauti ya chini na bila hasira yoyote, kwamba ushirika unanunua umeme unaotokana na makaa, kwamba mgodi ukilemewa na masharti utafungwa, na kwamba kamati ya ufadhili inaangalia pia nani anajua kufanya kazi na wenzake. Kisha akauliza hali ya Darrell, na aliuliza kwa dhati. Hilo ndilo lililomchosha Tessa zaidi.

Hotelini walikuwa vijana zaidi ya elfu moja na mia tano, kila jimbo na fulana zake, wakibadilishana beji kama ilivyo desturi ya safari hiyo. Nebraska walikuwa na hindi la bati. Florida walikuwa na chungwa. Beji ya Kentucky ilikuwa na kipande cha makaa halisi, kimepakwa rangi ya kucha isiyo na rangi ili kisichafue nguo, na wote walikitaka. Msichana mmoja wa Nebraska alikishika kwenye mwanga akasema ni kizuri sana, akauliza kama wanakiokota tu chini. Tessa alimpa bila kuchukua hindi.

Usingizi ulimpa shida. Chumba kilikuwa kimya mno. Tangu ana miaka kumi na miwili alilala akisikiliza ile mashine kupitia ukuta, na sasa kila aliposinzia, ukimya ulimwamsha, akakaa kitandani, akidhani imezimika.

Siku ya pili waliwapeleka kwenye ukuta mweusi wenye majina ya askari waliokufa vitani, maelfu, yamechongwa. Mzee wa kujitolea aliwapa karatasi nyembamba na penseli ili mwenye ndugu pale aweke karatasi juu ya jina na kulipaka hadi litokee. Tessa alilipata jina la mjomba wa baba yake, akalipaka. Kisha akasogea hadi mwisho wa ukuta, penye jiwe tupu, akaweka karatasi ya pili na kuanza kupaka taratibu, kwa makini. Alimsikia marehemu Clell Noble akikohoa nyuma yake, kile kikohozi cha kufunga mdomo kwa kitambaa, akajizuia asigeuke.

"Hapo hakuna jina, binti yangu," alisema yule mzee.

"Najua."

Karatasi ilitoka nyeusi yote. Mzee aliitazama, akamtazama Tessa, akampa nyingine.

Mbunge aliwakuta kesho yake saa tano asubuhi kwenye ngazi za Bunge, si ofisini. Walikuwa wameambiwa dakika ishirini, zikawa kumi. Alikuja akitembea haraka pamoja na mwanamke kijana mwenye kamera, akawashika mikono mmoja mmoja, akawauliza nani anacheza mpira. Alikuwa na lafudhi ya nyumbani, yenye joto, na alipocheka hata Tessa alimpenda kidogo. Mvulana wa kaunti ya jirani alisema sentensi yake kuhusu intaneti vijijini. Msichana mwingine alisema yake kuhusu mabwawa. Bi Marlene alimgusa Tessa begani.

"Na huyu ni Tessa, Mheshimiwa. Baba yake amechimba makaa miaka ishirini na mitano."

"Mungu ambariki," alisema mbunge.

Karatasi ya Bi Marlene ilikuwa mkononi mwa Tessa. Aliikunja mara moja, kisha mara ya pili.

"Nimetumwa majina," alisema. "Ni ya kikosi kimoja. Lonnie Caudill." Mbunge aliacha kutabasamu, akainamisha kichwa kidogo kumsikiliza. "Hobert Fugate. Dewayne Sizemore. Clell Noble." Upepo ulipuliza fulana zao. Bi Marlene alikuwa amegeuka kumtazama. "Darrell Stidham."

Akanyamaza, kama alivyofundishwa. Alikuwa ameyajifunza majina yale kwa pumzi za baba yake, na baba yake baada ya jina la tano alihitaji pumzi ndefu.

Mbunge aliingia katika ukimya huo. Aliweka mkono wake mzito juu ya bega la Tessa, akavua kofia aliyoivaa kwa ajili ya jua, akasema, "Tuombe."

Milimani kwao mtu akisema tuombe, macho hujifumba yenyewe. Tessa alikuwa amefundishwa hivyo kabla hajajua kutembea: hakuna anayezungumza mwenzake akiomba, hata kama mwenzake ni adui, hata kama nyumba inaungua. Alifumba. Wote walifumba. Mbunge aliomba vizuri, kama mtoto wa kanisani, bila kubabaika. Alimshukuru Bwana kwa Lonnie, kwa Hobert, kwa Dewayne, kwa Clell na kwa Darrell, mashujaa watano walioliangazia taifa na sasa wamepumzika katika nuru isiyozimika. Aliomba faraja kwa binti huyu. Tessa alisikia jina la baba yake likipita kati ya wafu, akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi hivyo, bila sauti, kwa sababu maombi yalikuwa hayajaisha.

"Amina."

"Amina," walisema wote, na yeye pia. Alipofumbua macho, mbunge alikuwa ngazi tatu juu, akiwapungia mkono, na mwanamke wa kamera akikimbia nyuma yake.

"Hajafa," alisema Tessa. "Bi Marlene, baba hajafa."

"Najua, mpenzi. Twende."

Kufikia saa nane picha ilikuwa kwenye ukurasa wa mbunge. Tessa ameinamisha kichwa, mkono wa mbunge begani, nguzo nyeupe nyuma yao. Chini yake yaliandikwa majina matano na maneno kwamba leo ameomba pamoja na binti wa mchimba makaa aliyefiwa, na kwamba atapiga kura kwa ajili ya kazi walizozipenda watu hao. Watu elfu tisa walikuwa wameipenda.

Saa tisa simu iliita. Baba yake alikuwa anacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na Tessa akasubiri kiishe.

"Mke wa mchungaji ameleta kuku na mkate wa mahindi," alisema. "Nimemfungulia mlango mwenyewe. Ameangusha kuku." Akavuta pumzi. "Wengine wawili wako barazani. Opal hajui awaambie nini. Hatujakula vizuri hivi tangu msiba wa Clell."

"Baba, sikumaliza. Aliomba kabla sijamaliza."

Mashine ilinguruma huko mbali, na ilimtuliza kuisikia.

"Na sheria," aliuliza baba yake. "Alisema nini kuhusu sheria?"

"Hakusema kitu."

Alivuta pumzi tatu. Tessa alizihesabu.

"Basi waambie wafute. Kura ni kesho. Waambie wa tano yuko hapa anakula kuku."

Tessa alimkuta Bi Marlene kwenye ukumbi wa chini, akipanga bahasha. Bi Marlene hakusubiri aulizwe. Alikuwa ameshapiga simu ofisini kwa mbunge, mara mbili, na wamemwahidi kwamba watarekebisha wiki ijayo.

"Kwa nini si leo?"

"Kwa sababu wakibadilisha leo waandishi watauliza kwa nini, na itakuwa aibu kwa kila mtu, hata kwako." Aliweka bahasha chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na Tessa aliona kwamba alikuwa amelia. "Nampenda Darrell kama kaka yangu. Lakini tuseme ukweli, mwanangu. Umemwona alivyo. Hao hawajasema uongo mkubwa. Wamewahi kidogo tu."

Tessa mwenyewe aliiandikia ofisi ya mbunge. Aliandika chini ya picha pia, *huyu wa tano yuko hai*, na baada ya dakika chache maneno yake hayakuonekana tena.

Kesho yake asubuhi Bunge lilipiga kura. Vumbi lilipewa miaka miwili zaidi.

Mchana walikusanywa wote kwa chakula cha kuagana, meza mia na hamsini chini ya taa kubwa za kioo. Mwenyekiti wa safari, mwanamume mrefu asiyemjua Tessa wala Kentucky, alisimama kwenye jukwaa akasema kwamba mwaka huu uongozi umeonekana kwa macho. Picha ikatokea kwenye skrini nyuma yake, kubwa kuliko nyumba yao: kichwa kilichoinama, mkono, nguzo. Alisoma majina matano, la mwisho akikosea matamshi. Akatangaza kwamba ufadhili wa jimbo la Kentucky unakwenda kwa Tessa Stidham. Makofi yalikuwa makubwa. Msichana wa Nebraska alikuwa analia, kipande cha makaa kikimetameta kifuani.

"Kabla hajaja mbele," alisema mwenyekiti, "naomba tusimame kimya dakika moja, kwa heshima ya baba yake."

Viti elfu moja na mia tano vilisogea. Tessa alibaki amekaa. Bi Marlene alimshika kiwiko, akainama, manukato yake na pipi ya kikohozi vikimjia usoni.

"Simama tu, mpenzi," alinong'ona. "Ni dakika moja. Chuo ni miaka minne."

Alisimama. Vichwa vyote ukumbini viliinama, meza baada ya meza, hadi kule nyuma kwenye milango ambako wahudumu nao walikuwa wameweka sinia chini. Ukumbi ulinyamaza kabisa, na ndani ya ukimya huo simu mfukoni mwa Tessa ikaanza kutetemeka dhidi ya paja lake. Aliitoa nusu. Kioo kilionyesha *Baba*. Ilitetemeka, ikaacha kidogo, ikatetemeka tena, na Bi Marlene, macho yakiwa yamefumbwa, aliushika mkono wake kwa nguvu na kuurudisha mfukoni.